Askari wa Shaba

Wengi wapitao Barabara ya Samora, Dar es Salaam, humwona yule askari aliyeelekeza singe bandarini wakadhani amechongwa. La, ni kazi ya kusubu. Mwingereza James Alexander Stevenson alifinyanga umbo, na mafundi wa London wakayeyusha shaba na bati wakamimina katika kalibu. Ndani yuko mtupu, kama kengele; shaba ikiwa nene mno hupasuka ipoapo, tena ni ghali.

Alisimamishwa mwaka 1927 pahala pa sanamu ya gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, iliyong'olewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Ile haikuyeyushwa. Iliishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, na tena 1968.

Linaloniuma mimi ni jingine. Maandishi yaliyo chini ya askari, Kiswahili kikiwa kwa hati za Kiarabu na za Kilatini, yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la mfu. Jina lenyewe halimo hata moja. Nao wapagazi, waliokufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, wametajwa kwa mkupuo tu. Kijijini kwetu majina matatu yao hutajwa bado kwenye tambiko.