Kikohozi cha Shangazi

Shangazi alimaliza mionzi ya saratani ya titi mwezi wa Machi. Tukachinja kuku, tukamshukuru Mungu. Mei akaanza kukohoa: kikohozi kikavu, homa kidogo jioni, pumzi kumkatika akipanda ngazi tatu za barazani. Hospitalini walisema ni nimonia, wakampa antibiotiki, kisha wakambadilishia nyingine. Wakapima makohozi kutafuta kifua kikuu, wasione kitu. Nyumbani hakuna aliyethubutu kutamka tulichokuwa tukiwaza sote, kwamba saratani imehamia mapafuni.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Nikiingiwa na hofu, hukimbilia maktaba.

Röntgen aligundua eksrei Novemba 1895, na haukupita muda mrefu madaktari wakaanza kutibu saratani kwa miale hiyo. Mashine za mwanzo zilikuwa dhaifu. Nguvu yake kubwa iliishia kwenye ngozi, na ngozi ikaungua mbele ya macho ya kila mtu. Miaka ya 1920 zikaenea mashine za volti 200,000 hivi, pamoja na vichujio vya shaba vilivyozuia miale hafifu ili ile kali izame ndani. Ngozi ikapata nafuu, mapafu yakabeba mzigo. Mwaka 1922, huko Marekani, Groover, Christie na Merritt waliandika kuhusu madhara waliyoyaona mapafuni. Mwaka 1925 Evans na Leucutia wakaeleza hatua mbili: kwanza mapafu kuvimba, baadaye kovu.

Kilichonishika ni kalenda ya ugonjwa wenyewe. Pafu halilalamiki siku ya mionzi. Hungoja, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, pengine hata sita, mgonjwa akiwa amesharudi kwenye shughuli zake. Kwa hiyo ni rahisi kudhaniwa nimonia ya kawaida, ingawa hakuna vijidudu vya kuuawa na antibiotiki.

Juni, daktari mmoja kijana alimuuliza, "Mama, mionzi ulimaliza lini?" Shangazi akahesabu kwa vidole. Daktari akainua picha ya kifua kwenye mwanga: doa lilikuwa na ukingo ulionyooka kama uliopigwa rula, palepale mionzi ilipopita. Akamwandikia prednisoloni, ya kupunguzwa polepole. Wiki ya pili Shangazi alipanda zile ngazi bila kusimama.

Siku hizi huenda kliniki na karatasi niliyomwandikia, yenye tarehe ya mionzi ya kwanza na ya mwisho. Humkabidhi daktari kabla hajaulizwa.