Bweni la Wasichana

Kabla hamjafikia kurasa za Mweka Hazina, twawaomba msome kwanza habari hizi za zamani. Ombi lililo mbele ya Mkutano Mkuu mwaka huu, yaani kujenga bweni la wasichana katika shule yetu ya kutwa, si jambo geni katika nchi hii. Limekwisha kuulizwa, na likajibiwa na watu waliokuwa na fedha chache kuliko sisi.

Shule ya sekondari ya wavulana wa Kiafrika, Alliance High School, ilifunguliwa huko Kikuyu mwaka 1926. Mwenzake wa wasichana, African Girls High School, haikufunguliwa mpaka mwaka 1948. Hiyo ni miaka 22. Katika muda huo wasichana wachache mno walipokewa katika shule ya wavulana; Margaret Kenyatta, aliyekuja kuwa Meya wa Nairobi mwaka 1970, alikuwa mmoja wao. Wengi waliosalia waliishia madarasa ya chini, wakarudi nyumbani.

Husemwa kwamba serikali ya kikoloni na misheni ndizo zilizochelewesha jambo hili. Ni kweli, lakini tusijifiche nyuma ya mgongo wa mtu mwingine. Wazee wetu nao walikuwa na hesabu yao: binti ni wa watu, ataolewa kwingine, na faida ya elimu yake itaingia katika boma lisilo letu, tena akienda shule, nani atateka maji na kuleta kuni na kumbeba mtoto mchanga? Hatusemi hesabu hiyo ilikuwa ya upumbavu. Ilikuwa hesabu ya mtu mwenye watoto sita na karo ya mtoto mmoja. Ila kila ilipopigwa, aliyebaki nyumbani alikuwa yule yule.

Walakini wako waliopiga hesabu nyingine. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange, akiisha kurudi kutoka masomoni ng'ambo, alifungua chuo cha ualimu huko Githunguri, wilaya ya Kiambu, kwa ajili ya shule huru za Wakikuyu. Fedha zilichangwa kwa marika, kila rika likiona haya kushindwa na jingine. Wanawake nao walikusanya fedha zao za kujenga bweni la wasichana. Jambo hilo yafaa tulifikiri sana. Wanawake hao, ambao wengi wao hawakuwa wamesoma, wangaliweza kutoa mchango wao kwa darasa au kwa nyumba ya mwalimu. Wakachagua mahali pa kulala. Sisi twaona walijua lililokuwa likimshinda binti, kwa kuwa liliwashinda wao: njia ndefu, giza la alfajiri na la jioni, na kazi za nyumbani zinazomngoja mlangoni hata asipate kufungua kitabu. Chuo kilifungwa na serikali mwaka 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa.

Katika miaka hiyo hiyo, kijijini Ihithe, Nyeri, mama mmoja alikuwa amewarudisha watoto wake kutoka shamba la Mzungu upande wa Nakuru, ili wanawe wa kiume wapate shule. Siku moja kijana wake Nderitu alimwuliza kwa nini dada yake haendi shule kama wao. Mama akaona hakuna sababu. Msichana akapelekwa. Alipopata miaka 11 aliingia bweni la masista huko Mathari, na vita vilipoenea na watu kuhamishwa kwa nguvu katika vijiji vya Hali ya Hatari, yeye aliendelea kusoma. Alimaliza Loreto Limuru mwaka 1959, akaenda Marekani mwaka 1960. Huyo ndiye Wangari Maathai, na wasomaji wanajua habari za tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Sisi tumemtaja kwa ajili ya yule kaka na yule mama, na kwa ajili ya kitanda cha Mathari.

Baadaye serikali iliondoa karo ya madarasa manne ya kwanza mwaka 1974, ingawa michango ya ujenzi ilirudi kwa mlango wa nyuma. Ikaondoa ya shule zote za msingi mwaka 2003, na mwaka 2008 ikaanza kulipa gharama za mafunzo katika sekondari. Lakini gharama ya bweni iliachwa kwa mzazi. Basi pale palipomshinda binti wa zamani ndipo panapomshinda wa leo.

Nasi tukiri letu. Kwa miaka mingi, fedha za msaada wa karo zilipopungua, kamati zetu ziliwapa wavulana kwanza, na hakuna aliyesimama mkutanoni kuuliza kama Nderitu alivyouliza. Baadhi ya dada zetu walioachwa nje siku hizo ni akina nyanya waliomo katika chama hiki, na ada yao hulipwa kwa wakati kuliko ya wengi wetu. Ni wao walioleta ombi hili. Hesabu ya mawe, mabati na vitanda imo katika taarifa ya Mweka Hazina, nao wameomba isomwe kabla ya hotuba.