Neno "Shore" na Mpaka wa Ziwa Nyasa: Maana, Matumizi na Athari Zake katika Mwambao wa Ruvuma, 1890–2012

1.0 Utangulizi

Historia ya mipaka ya Afrika Mashariki imezoeleka kuelezwa kwa kutaja madola, vita na ramani. Ni mara chache maneno yenyewe yaliyobeba mipaka hiyo huchunguzwa. Insha hii inachunguza neno moja la Kiingereza cha kila siku, yaani "shore". Neno hilo halina ugumu wowote kwa msemaji wa kawaida wa Kiingereza. Hata hivyo, kwa wakazi wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, na kwa jirani zao wa milimani Mbinga, Mkumbi ikiwamo, limezaa swali zito: je, maji wanayovua samaki ni ya nchi yao au ya nchi nyingine? Dai la insha hii ni kwamba mgogoro wa mpaka wa Ziwa Nyasa ulichochewa kwa sehemu kubwa na kutumiwa kwa neno jepesi la mazungumzo mahali palipohitaji istilahi ya kisheria.

2.0 Jina la ziwa kama kosa la mwanzo

Utata wa maneno katika ziwa hili ulianza kabla ya mkataba wowote. David Livingstone alifika ziwani mwaka 1859 na kulitangaza Ulaya kwa jina la Nyasa. Katika lugha za eneo hilo, neno hilo na ndugu yake "nyanja" yalikuwa na maana ya ziwa au maji mengi tu. Hivyo, "Ziwa Nyasa" kwa maana yake ya asili ni "Ziwa Ziwa". Jambo kama hilo lilitokea pia katika jina Victoria Nyanza. Nomino ya kawaida iligeuzwa kuwa jina mahususi, na wenyeji wakalipokea na kulifanya lao. Kosa hilo halikumdhuru mtu. La pili, lililofuata baada ya miaka 31, lilikuwa na uzito tofauti.

3.0 Mkataba wa 1890

Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba unaojulikana kwa jina la Heligoland–Zanzibar. Ibara ya kwanza ilieleza mpaka wa kusini wa eneo la Wajerumani. Mpaka huo ulifuata mkondo wa Mto Ruvuma hadi unapokutana na Mto Msinje, ukaelekea magharibi hadi ziwani, kisha ukafuata "shore" ya mashariki, ya kaskazini na ya magharibi hadi mdomo wa Mto Songwe. Matini ya Kijerumani ilitumia neno "Ufer", ambalo kwa Wajerumani hutumika kwa ukingo wa mto na kwa ufuo wa ziwa vilevile. Waingereza hutenganisha: mto una "bank", ziwa na bahari vina "shore".

Hakuna upande uliofafanua neno hilo. Ibara ya sita iliruhusu mistari hiyo irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali, jambo linaloonyesha kwamba waandishi wenyewe hawakuiona kuwa ya mwisho.

4.0 Maana za neno na upungufu wake

Katika Kiingereza cha kila siku, "shore" ni ukanda wa nchi kavu unaopakana na maji. Katika sheria ya Kiingereza, neno hilo huweza kuwa na maana finyu zaidi ya ardhi iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa. Maana zote mbili zinataja eneo lenye upana. Mpaka, kwa upande wake, ni mstari usio na upana. Kuliita eneo mstari ndiko matumizi mabaya ya neno yaliyofanyika mwaka 1890.

Kiswahili kinaweka wazi tatizo hili. Neno "pwani" linatokana na kitenzi "-pwa", kwa hiyo limebeba ndani yake maji yanayosogea. "Mwambao" unatokana na "-ambaa", kupita kandokando; hapo macho ya msemaji yamo chomboni, si nchi kavu. "Ufuo" na "ufukwe" hutaja mchanga unaokanyagwa. Mfasiri wa mkataba hulazimika kuchagua, na kila chaguo huhamisha mpaka.

Ziwa lenyewe halikutulia pia. Kina chake hupanda na kushuka kwa majira na kwa miaka. Kuanzia takribani mwaka 1915 hadi 1935 maji yalipungua kiasi cha kukoma kutoka kupitia Mto Shire. Kama mpaka ni ukingo wa maji, basi katika miaka hiyo nchi ilipanuka bila kikao chochote, na maji yaliporudi ikapungua tena.

5.0 Matumizi yaliyopingana na maandishi

Wajerumani walisafiri ziwani kwa meli yao, Hermann von Wissmann, na kujenga vituo kandokando ya maji. Mnamo Agosti 1914 meli hiyo ilishambuliwa na meli ya Kiingereza Gwendolen ikiwa Liuli, mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhafen. Wanaotetea mpaka wa katikati ya ziwa huchukulia safari hizo kuwa ushahidi wa mamlaka. Wapinzani wao hujibu kwamba mkataba ulitoa uhuru wa usafiri majini kwa pande zote, na kusafiri si kumiliki. Jibu hilo lina nguvu, na halipaswi kupuuzwa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili zilikuwa chini ya Uingereza. Baadhi ya taarifa na ramani za utawala huo ziliuweka mpaka wa Tanganyika katikati ya ziwa, nyingine ufuoni. Kwa kuwa mtawala alikuwa mmoja, mkanganyiko huo haukumgharimu. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana kuuhamisha mpaka wa Nyasaland na Msumbiji kutoka ufuoni hadi katikati ya ziwa, huku visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki Nyasaland. Kwa ziwa lilelile, kasoro ileile ilitambuliwa na kurekebishwa upande wa Wareno. Upande wa Ruvuma ukaachwa.

Nyerere mwenyewe aliwahi kukiri kwamba mpaka uliorithiwa haukuipa Tanganyika sehemu ya ziwa. Mwaka 1964 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mjini Cairo, waliazimia kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, na Malawi ikapata nguvu ya hoja. Mwaka 1967 Tanzania ilitangaza rasmi kuwa mpaka uko katikati. Suala lilifufuka mwaka 2012 kutokana na utafutaji wa mafuta, likapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano.

6.0 Hitimisho

Usomaji wa neno kwa neno una msingi katika mkataba, lakini matokeo yake ni kwamba mwanamke wa Liuli anayeteka maji, au mvuvi anayesukuma mtumbwi wake kufuata dagaa, huvuka mpaka wa kimataifa kila siku. Usomaji wa katikati ya ziwa unapatana na maisha hayo, ila unahitaji makubaliano mapya, si kamusi. Kwa hiyo utatuzi hauwezi kupatikana kwa kubishana juu ya maana ya "shore" peke yake. Njia ilikuwa imeachwa wazi katika ibara ya sita ya mkataba uleule: mahitaji ya watu wa mahali.