USB, FireWire na Kanda za Harusi Zetu

Kwenye saiba za Kahawa Sukari, mteja wa kila siku ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilicho jirani, aliyekuja na flashi kuchapisha kazi yake. Flashi inaingia kwenye tundu la USB. Printa inayomchapishia imeunganishwa kwa USB, na vivyo hivyo kipanya, kibodi, skana na hata chaja ya simu ya mhudumu. Aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 hajui hali nyingine, na ni rahisi kwake kudhani kwamba tundu hili lilishinda kwa ubora wake tu. Ukweli ni kwamba lilichaguliwa, na waliochagua walikuwa kampuni chache zinazotengeneza mifumo endeshi.

Katikati ya miaka ya 1990 kila kifaa kilikuwa na tundu lake. Kibodi iliingia kwenye tundu la duara, printa kwenye tundu pana la pini 25, modemu kwenye la pini 9. Epson LX-300, ile printa ya kelele iliyochapa risiti katika maduka mengi ya Kenya, ilikuja na matundu hayo ya zamani. USB iliingia baadaye kabisa, kwenye toleo la LX-300+II.

Mwaka 1994 kampuni saba, zikiwemo Intel, Microsoft, IBM na Compaq, zilianza kubuni waya mmoja wa kuchukua nafasi ya matundu hayo yote. Toleo la kwanza la USB likatangazwa Januari 1996. Lakini tundu ni chuma tupu mpaka mfumo endeshi ulitambue. Windows 95 ilipotoka haikuitambua USB. Baadaye Microsoft iliongeza uwezo huo katika toleo lililouzwa ndani ya kompyuta mpya peke yake, na Windows NT 4.0, iliyotengenezewa ofisi, haikuupata rasmi hata siku moja. Kwa hiyo watu walinunua mashine zenye matundu ya USB ambayo hayakuwafaa kwa lolote.

Tarehe 20 Aprili 1998, mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani kuionyesha Windows 98 hadharani. Mwenzake Chris Capossela alipochomeka skana ya USB, kompyuta ilikwama na kioo kikageuka buluu mbele ya umati. Hata hivyo Windows 98 iliingia sokoni Juni mwaka huo, ikiitambua USB vizuri zaidi kuliko iliyotangulia. Agosti, Apple ikaanza kuuza iMac isiyo na diski za flopi wala tundu lolote la zamani la printa au kibodi. Naamini uamuzi huo wa Apple ndio uliosukuma USB mbele kuliko kitu kingine chochote: watengenezaji wa printa na skana waliotaka kuwauzia wateja wa iMac hawakuwa na njia nyingine. Gharama ililipwa na mteja, aliyelazimika kununua vifaa vipya.

Wakati huohuo Apple ilikuwa na waya mwingine, FireWire, uliokubaliwa kama kiwango rasmi mwaka 1995. FireWire ilibeba megabiti 400 kwa sekunde. USB ya wakati huo ilibeba 12. Kwa kazi ya video tofauti hiyo ndiyo kila kitu, kwa sababu kanda ya MiniDV hutoa takriban megabiti 25 kila sekunde. USB haikuweza kuimeza. Kamera za MiniDV zikaja na tundu dogo la FireWire, ambalo Sony iliita i.LINK.

USB 2.0, yenye megabiti 480, ilitangazwa Aprili 2000. Mwaka mmoja baadaye Microsoft ikasema Windows XP itatoka bila kuitambua, kwa kuwa vifaa vya kuijaribu vilikuwa bado vichache mno, lakini FireWire itaungwa mkono. Bluetooth nayo iliachwa nje kwa sababu kama hiyo. Kwa miezi kadhaa ilionekana FireWire imepata mlango mkuu wa kuingia katika kompyuta za watu wa kawaida.

Kilichoiangusha ni bei. Apple ilikuwa imedai dola moja kwa kila tundu, na ingawa ada hiyo ilishushwa hadi robo dola kwa kifaa, watengenezaji walikuwa wameshaanza kusita. Chipu zake pia zilikuwa ghali kuliko za USB. Septemba 2002 Microsoft ilitoa Service Pack 1 ya XP, ikiwa na USB 2.0 ndani, na mizani ikaegemea upande mmoja. Apple yenyewe, iliyoizindua iPod mwaka 2001 ikiwa na FireWire, ilikuwa imeihamishia kwenye USB kufikia 2005.

Kwetu Kenya maamuzi haya yalifika yakiwa yamechelewa, ndani ya kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya. XP ilidumu katika saiba zetu miaka mingi baada ya nchi nyingine kuiacha. Modemu za USB za intaneti ya 3G zilipoenea, nyingi zikiwa za Huawei, Mkenya alikutana tena na uamuzi wa mbali. Modemu ilipochomekwa ilijitambulisha kwanza kama diski yenye programu ya Windows, ndipo igeuke modemu. Mwanafunzi aliyetumia Ubuntu, mfumo wa Linux, aliona diski peke yake, akabaki bila intaneti mpaka apate programu ndogo iitwayo usb_modeswitch, iliyoandikwa na watu wa kujitolea. Na ni Linux hiyohiyo, mwaka 2009, iliyotangulia mifumo mingine yote kuitambua USB 3.0. Windows ilifika huko kwa Windows 8, mwaka 2012.

FireWire ilizidi kufifia. Septemba 2025 Apple ilitoa macOS Tahoe, na ndani yake uwezo wa kutambua FireWire umeondolewa kabisa. Aliyeuanzisha waya ndiye aliyeuzika. Kwa wengi hiyo ni habari ndogo, lakini kwa eneo letu si ndogo hata kidogo. Harusi, ruracio (sherehe za mahari) na mazishi ya Ruiru, Thika na Kiambu nzima ya miaka ya 2000, pamoja na filamu za Riverwood zilizouzwa River Road, zilirekodiwa kwa wingi kwenye kanda za MiniDV. Familia nyingi zilipewa nakala ya DVD iliyobanwa, kisha kanda yenyewe ikatiwa kabatini kwa mpiga video. Kamera zinakufa, na kompyuta mpya hazina tundu la kupokea kilichomo.

Njia bado ipo. Mjapani Takashi Sakamoto ameahidi kuitunza FireWire ndani ya Linux hadi 2029. Kompyuta ya mezani ya zamani, kadi ya FireWire, kamera inayoweza kuzungusha kanda na programu ya bure ya dvgrab vinatosha. Kanda ya saa moja huchukua saa moja kunakiliwa, na hujaza gigabaiti 13 hivi. Kama umewahi kupiga video kwa kazi, toa kanda hizo kabatini mwaka huu na uzinakili. Na kama ulioa au kuolewa miaka ile, mpigie simu aliyekurekodi umuulize kanda yako iko wapi, kabla kamera yake ya mwisho haijakataa kuwaka.