Noeli na kitabu cha ubatizo

Wiki ya mwisho kabla ya Noeli, ofisi ya parokia uchagani hujaa watu ambao mwaka mzima hawakuonekana. Wametoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, wengine Nairobi. Mmoja anatafuta cheti cha ubatizo cha mwanawe anayefunga ndoa Januari. Mwingine ameleta majina ya wajukuu wawili waliozaliwa mjini, wabatizwe nyumbani mbele ya babu yao. Mama mzee aliyejitanda khanga anaomba nia ya misa kwa marehemu mumewe, na cheti chake mwenyewe kilipotea zamani.

"Bibi, ulibatizwa mwaka gani?"

"Mwaka sikumbuki, baba. Ila ilikuwa Noeli. Tulikuwa wengi."

Katibu anafungua kabati na kutoa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, pembe zake zimeliwa. Anapitisha kidole taratibu kwenye safu: namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, msimamizi, padre aliyebatiza. Ukingoni, kwa wino mwingine na mwandiko wa mtu mwingine, kumeandikwa kipaimara, kisha ndoa. Kila anapofungua mwaka mpya anaanza na Desemba.

Kwangu mimi hakuna hati inayoeleza Noeli ya Wakatoliki wa nchi yetu vizuri kuliko kitabu hicho. Watu husema Noeli ni sikukuu ya familia kana kwamba dini ilikuja ikakuta familia zimeshakaa mezani, ikazibariki. Huku kwetu mambo hayakwenda hivyo. Parokia za kwanza zilipokea watu waliopokonywa familia, zikalazimika kuwatafutia jamaa kabla ya kuwafundisha sala ndefu. Mapenzi ya nyumbani na imani vilianza pamoja, katika ukurasa mmoja.

Tuanze Zanzibar. Desemba 1860 Padre Armand Fava aliwasili kutoka kisiwa cha Réunion akiwa na mapadre wawili na masista sita wa shirika la Mabinti wa Maria, na Misa yao ya kwanza ya hadhara waliiadhimisha siku ya Noeli ya mwaka huo. Katika simulizi za kanisa masista hao hutajwa kwa haraka mno, ilhali wanastahili kutulia nao. Shirika lao lilianzishwa Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo, na liliwapokea pamoja wanawake weupe na wanawake weusi waliotoka utumwani. Mji walioshukia bado ulikuwa na soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873, miaka 13 baadaye. Mtoto aliyekombolewa pale sokoni alipokelewa na watu ambao baadhi yao waliijua minyororo kwa habari za nyumbani kwao. Kwa hiyo ujumbe wa Mtoto aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni ulifika pwani yetu ukiwa na masikio tayari.

Hata jina la sikukuu lina alama ya safari ile. "Noeli" ni Kifaransa, lugha ya mapadre wa Réunion, ya Mapadre wa Roho Mtakatifu waliochukua utume wa Zanzibar mwaka 1863, na ya wengi wa Mapadre Weupe waliozunguka maziwa makuu. Ndiyo maana Mkatoliki wa Bukoba, wa Bukavu na wa Bagamoyo hukutana kwenye neno hilo, hata kama mtaani wengine husema Krismasi.

Mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake walivuka hadi Bagamoyo, bandari yenyewe ya misafara, wakaanzisha misheni na kijiji cha waliokombolewa. Sehemu ya fedha za kuwakomboa ilitoka katika shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambamo watoto wa Ulaya walichangia senti zao kwa ajili ya watoto wa mbali. Mambo hayakuwa mepesi: mwaka 1872 kimbunga kiliipiga pwani na kubomoa sehemu kubwa ya walichokuwa wamejenga.

Sasa fikiria kitabu cha ubatizo katika mahali kama pale. Mtoto aliyeuzwa mara mbili tatu njiani, kutoka bara asikokumbuka jina la mto wake, anaulizwa baba yake nani, mama yake nani. Anajua kuwaita, lakini hawezi kuwataja kwa jina lililotosha kuandikwa. Inayojazwa bila shida ni safu ya msimamizi. Huyo ndiye ndugu wa kwanza ambaye karatasi inamtambua. Wakikua, vijana hao walioana, wakapewa nyumba na shamba, na mwaka 1877 misheni ilipofungua kituo cha Mhonda, huko Nguu, ilikwenda na familia za Kikristo kutoka Bagamoyo ziwe mbegu ya jumuiya mpya.

Haifai kuipamba historia hiyo kuliko ilivyokuwa. Maisha ya kijiji yalitawaliwa kwa kengele na kwa amri za mapadre, na ndoa nyingi zilipangwa na misheni zaidi kuliko na wenyewe waliooana. Aliyekombolewa hakuwa huru kwa maana tunayoijua leo. Lakini Bagamoyo ndiko walikozaliwa watoto wa kwanza wa watu hao, na watoto hao walikuwa na baba na mama wa kuandikwa.

Mlimani hali ilikuwa tofauti. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont, Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger walifika Kilimanjaro na kuchagua Kilema, kwa Mangi Fumba. Kibosho ilifuata mwaka 1893. Hapa hawakukuta yatima wa misafara. Walikuta koo zenye vihamba vyake, migomba, mifereji, na makaburi ya wazee uani. Familia ilikuwa na nguvu kuliko misheni, na ilibidi misheni ijifunze njia zake. Kahawa ya wamisionari, ambayo iliingia Kilema kupitia njia ya Réunion na Bagamoyo, baadaye ilitia fedha katika vihamba hivyo hivyo na kujenga shule na makanisa. Ardhi ikawa ndogo, watoto wakasoma, wakatawanyika. Kutawanyika huko ndiko kulikozaa safari ya Desemba ambayo leo nchi nzima inaijua.

Kanda ya ziwa ilileta sura nyingine. Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadre Weupe wawafundishe wakatekumeni miaka minne kabla ya kuwabatiza, kwa hiyo ubatizo ukawa tukio la ukoo mzima kungoja. Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi wa nyakati zetu, alibatizwa akiwa na miaka minane, Machi 1921, siku moja na wazazi wake. Mwaka huo huo Papa Benedikto XV alieneza sikukuu ya Familia Takatifu katika Kanisa lote. Julius Nyerere alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Noeli, akiwa kijana wa Makerere. Baba yake, Mtemi Burito, alikuwa na wake wengi, na katika nyumba kama hiyo imani mpya haikuingia bila maumivu. Sheria ya mke mmoja iliwaacha wanawake wengine na watoto wao bila mahali pa kusimama, na wazee wengi walibaki mlangoni mwa kanisa hadi siku za mwisho. Hilo nalo liko vitabuni, kwa anayejua kusoma tarehe: mwana wa 1920 na kitu, baba wa 1950 na kitu, katika hatari ya kufa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulibadilisha sauti ya Noeli. Watu walikuwa wakiimba nyimbo za Kiswahili tangu zamani, na Padre Stephen Mbunga alishatunga Misa Baba Yetu mwaka 1959, lakini Misa yenyewe ilikuwa ya Kilatini mpaka hati ya liturujia ya Desemba 1963 ilipofungua mlango kwa lugha za watu. Bibi ambaye kwa miaka alisali rozari huku padre akisoma Kilatini, alisikia kwa lugha anayoijua kwamba Maria alimvika mtoto nguo za kitoto na kumlaza horini. Mwaka 1964 Mtaguso uliita familia kanisa la nyumbani. Kisha maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na hapo parokia ikarudi kwenye vibaraza vya watu.

Aliyepita katika novena ya Noeli ya jumuiya hana haja ya kuelezwa. Ni saa kumi na mbili na nusu jioni, nyumba ni ya mjane wa mwisho wa njia, viti vimeazimwa kwa majirani, watoto wamekaa kwenye mkeka. Mtoto mmoja anasoma Injili akiweka kidole chini ya kila neno. Baada ya sala mwenyekiti anataja aliye mgonjwa, aliyefiwa, na nyumba ambayo mwaka huu haina kitu. Kikapu kinazunguka. Kesho yake kuna unga, sukari, mchele na lita ya mafuta kwenye meza ya nyumba hiyo, na hakuna anayetangaza. Akina mama wa WAWATA, chama kilichoanza mwaka 1972, ndio mara nyingi hujua nani anunuliwe viatu ili aje Misa ya mkesha bila aibu. Vijana wanajenga pango kanisani kwa mabua, majani ya migomba na boksi lililopakwa rangi. Mtakatifu Fransisko alitengeneza la kwake Greccio, Italia, mwaka 1223, akiwa na hori, nyasi na ng'ombe wa kweli, na nadhani angejisikia nyumbani katika vigango vyetu.

Aprili 1994 maaskofu walikutana Roma katika Sinodi ya Afrika. Jina walilolichagua kwa Kanisa la bara hili ni Familia ya Mungu, na Papa Yohane Paulo II alilithibitisha Yaoundé, Septemba 1995, katika waraka wa Ecclesia in Africa. Naliona jina hilo kuwa zawadi kubwa ya Afrika kwa Kanisa zima. Lakini siku zile zile sinodi ilipokuwa ikikaa, Rwanda ilikuwa ikiangamia, na wengi wa waliouawa na wa waliowaua walikuwa wameandikwa katika vitabu vya ubatizo vya parokia zile zile. Watu walikimbilia makanisani wakauawa humo. Anayesema Kanisa ni familia lazima aseme na hilo pia, kwa sauti ile ile.

Mlimani, asubuhi ya tarehe 25 baada ya Misa, familia nyingi haziendi kwanza mezani. Zinakwenda makaburini uani, kwenye masale, zinasali, zinawaonesha watoto wa mjini alipolala babu wa babu. Ndipo inafuata supu, mtori, nyama na mbege kwa wanaokunywa. Ndugu waliogombana juu ya mpaka wa kihamba husukumwa na wazee wapeane jani la sale, lenye maana ya msamaha tangu kabla ya padre wa kwanza kupanda mlima. Pwani sahani ya pilau huvuka ua kwenda kwa jirani Mwislamu, kama ile iliyokuja siku ya Idi. Tarehe 28, sikukuu ya Watoto Mashahidi, parokia nyingi huwapa nafasi watoto wa Utoto Mtakatifu, shirika lile lile ambalo senti zake zilifika Bagamoyo.

Katibu alimpata yule bibi katika kitabu cha tatu. Ilikuwa Noeli kweli. Chini ya jina lake kulikuwa na jina la mama yake, ambalo wajukuu waliosimama nyuma yake walikuwa hawajawahi kulisikia, na jina la msimamizi.

Vitabu hivi vinachakaa. Vingine vimeliwa na mchwa, vingine vimelowa, na wazee wanaoweza kueleza majina yaliyomo wanapungua kila mwaka. Ndugu msomaji, ukienda nyumbani Noeli hii, tenga asubuhi moja. Mchukue bibi au babu, nendeni ofisi ya parokia, ombeni kwa heshima mfunguliwe ukurasa wenu, mwandike kwenye daftari la nyumbani jina la baba, la mama na la msimamizi. Na kama parokia yenu inatafuta mchango wa kabati la chuma la kuhifadhia vitabu hivyo, utoe.