Kutoka Dainamo hadi Mota: Historia ya Ugeuzaji wa Baiskeli katika Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

1.0 Utangulizi

Historia ya usafiri nchini Tanzania huelezwa mara nyingi kama historia ya vyombo vinavyopokezana zamu: mpagazi alilipisha garimoshi, garimoshi likalipisha lori, baiskeli ikaipisha pikipiki, na sasa inasemwa kwamba pikipiki ya petroli nayo itakipisha chombo cha umeme. Mtazamo huo una kasoro ya msingi. Unahesabu vyombo vilivyoingia nchini, lakini hauhesabu yale ambayo vyombo hivyo vilifanyiwa baada ya kuingia. David Edgerton, katika kitabu chake The Shock of the Old (2006), aliwahimiza wanahistoria waandike historia ya matumizi ya teknolojia badala ya kuishia katika historia ya uvumbuzi. Joshua Grace, katika African Motors (2021), ameonesha kwamba mafundi wa gereji wa Tanzania walikuwa waundaji wa teknolojia na si watumiaji tu. Hata hivyo, kitovu cha utafiti wa Grace ni gari. Baiskeli, ambayo mkulima wa kawaida wa Usukumani aliweza kuimiliki wakati gari lilikuwa mbali na uwezo wake, inastahili kuulizwa swali hilohilo.

Makala haya yanajadili ugeuzaji wa baiskeli katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kuanzia enzi ya pamba hadi suala la sasa la kuitia baiskeli mota ya umeme, ikiwamo baiskeli ndogo ya kukunja. Hoja kuu ni kwamba mota hiyo haianzishi historia mpya. Inaingia katika desturi ndefu ya mafundi ya kukiongezea chombo kile ambacho kiwanda hakukiweka. Jambo linaloweza kubadilika ni umiliki wa nyongeza hiyo, na hapo ndipo penye uzito wa mjadala huu.

2.0 Pamba, Umbali na Baiskeli

Kuenea kwa baiskeli Usukumani hakuwezi kutenganishwa na pamba. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walijijengea vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Fedha za mauzo ya pamba zilimwezesha mkulima kununua vitu vya kudumu, na miongoni mwa vitu hivyo baiskeli ilikuwa na nafasi ya pekee, kwa kuwa ilikuwa mali na chombo cha kazi kwa wakati mmoja. Tambarare za Shinyanga ziliifaa. Baiskeli nzito ya magurudumu ya inchi 28, kama Raleigh ya Nottingham na baadaye Phoenix ya Shanghai, iliweza kubeba mzigo kwa mwendo mrefu bila gia.

Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliongeza haja hiyo. Kaya zilizokuwa zimetawanyika zilikusanywa mahali pamoja, na kwa wengi shamba likawa mbali na nyumba. Umbali huo mpya ulipaswa kuvukwa kila siku, kwa miguu au kwa magurudumu mawili. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na miaka michache baadaye nchi ikaingia katika uhaba mkubwa wa bidhaa. Swala, baiskeli iliyotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya umma ya NABICO, haikuweza kuuziba pengo hilo. Hali ilianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa nchini.

Ni vyema kutambua kwamba fedha za pamba zilipitia zaidi mikononi mwa wanaume, na baiskeli ikafuata mkondo huohuo. Bomba la juu la fremu yake, lililo kikwazo kwa mtu aliyevaa kanga au kitenge, liliuimarisha mgawanyo ambao ulikwishawekwa na umiliki.

3.0 Ufundi wa Kuongezea

Miaka ya uhaba ilikuwa shule ya mafundi. Pale ambapo chombo kipya hakipatikani, kilichopo hurefushwa maisha, na kurefusha maisha huzaa kubadili. Keria ya nyuma iliimarishwa kwa nondo ili ihimili gunia. Uma wa mbele uliongezewa vyuma vya kuusaidia. Spoku nyembamba ziliondolewa zikawekwa nene. Tyubu iliyochoka ilikatwa vipande vya kufungia mizigo. Mnoa visu aliisimamisha baiskeli juu ya stendi na kuufanya mwendo wa pedali uzungushe jiwe la kunolea. Kwa muda wa kazi hiyo, baiskeli ilikoma kuwa chombo cha usafiri na kuwa mtambo.

Nyongeza yenye maana zaidi kwa hoja ya makala haya ni dainamo. Kifaa hiki kidogo, ambacho kwa kawaida hutoa umeme wa volti 6 na wati 3, huegemezwa kwenye tairi na kuzungushwa nalo, kisha huwasha taa. Gridi ya Taifa ilifika Shinyanga mwishoni mwa miaka ya 1980, na Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, ulianza kazi mwaka 2007. Kwa hiyo katika vijiji vingi taa ya baiskeli ilitangulia nguzo ya umeme kwa miongo kadhaa. Ipo pia sababu ya kiufundi ya kuanzia hapa: dainamo na mota ni ndugu. Dainamo hugeuza mwendo kuwa umeme, na mota hugeuza umeme kuwa mwendo. Kwa maana hiyo, baiskeli ya Usukumani ilikuwa na uhusiano na umeme kabla nyumba ya mwenye baiskeli haijawa nao.

4.0 Dhahabu, Pikipiki na Mkataba

Uchimbaji mdogo ulioshamiri kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 uliipa baiskeli kazi nyingine. Katika maeneo kama Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, mawe yanayotolewa katika maduara hupelekwa kwenye makarasha, na unga wake kwenye mialo yenye maji. Kila hatua ina mzigo wake, na njia nyingi ni finyu kwa gari. Wakati huohuo ukanda huu ulifunguliwa kwa migodi mikubwa. Wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu Agosti 1996, mgodi wa Geita ukafunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Mgodi wa Geita ulijizalishia umeme wake kwa mafuta kwa miaka mingi. Umeme, kwa hiyo, uliufikia mtaji kabla ya kuzifikia kaya zilizouzunguka.

Mjini Shinyanga na Kahama, baiskeli ya kubeba abiria iliitwa daladala, jina lililoazimwa kutoka katika mabasi madogo ya Dar es Salaam. Ilikuwa na mto juu ya keria na vikanyagio vya abiria, navyo vilikuwa kazi ya fundi wa mtaani. Kijana aliyekuwa na baiskeli alikuwa na ajira. Pikipiki kutoka China na India zilipoenea, usawa huo ulivurugika. Kanuni za mwaka 2010 zilirasimisha pikipiki za abiria, na daladala za baiskeli zikapoteza safari ndefu na abiria wenye haraka.

Pikipiki ilileta kasi, lakini ilileta pia mkataba. Dereva asiye na mtaji hupewa pikipiki na mwenye mali, hupeleka hesabu kila siku au kila wiki, na chombo huwa chake baada ya kiasi walichokubaliana kutimia. Akishindwa njiani, hunyang'anywa chombo pamoja na jasho lililokwisha kulipwa. Hiyo ndiyo tofauti ya kihistoria kati ya vyombo hivi viwili: mwenye daladala ya baiskeli alikuwa maskini mwenye mali, ilhali dereva wa mkataba anaweza kuingiza fedha nyingi zaidi bila kumiliki chochote.

5.0 Mota Ndani ya Gurudumu

Wazo la kuweka mota katika kitovu cha gurudumu ni la zamani. Ogden Bolton wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1895, na Yamaha ya Japani iliuza baiskeli yenye mota inayosaidia nguvu ya pedali kuanzia mwaka 1993. Vifaa vya kugeuzia vinavyouzwa leo vina sehemu kuu tatu: gurudumu lenye mota, kidhibiti cha umeme na betri. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 hubeba wati-saa 360, yaani chini ya nusu ya yuniti moja ya umeme wa nyumbani. Ikitumia wati-saa 15 kwa kilomita, itasafiri kilomita 24.

Baiskeli ya kukunja, ambayo huingia nchini pia kama mtumba kutoka Japani, inatoa mfano mzuri wa kazi inayomkabili fundi. Gurudumu lake la inchi 20 lina nusu kipenyo kidogo kuliko la inchi 28. Mota ileile husukuma kwa nguvu inayozidi kwa takriban asilimia 40, ingawa kasi ya juu hupungua kwa uwiano uleule. Katika vilima vya Geita hiyo ni faida. Fremu yake ya chini haina bomba la kuruka, hivyo kikwazo kilichotajwa kuhusu wanawake hupungua. Mchimbaji anayehama kutoka rashi moja hadi nyingine anaweza kuikunja, kuipandisha kwenye gari, na kuiingiza usiku chumbani inakochajiwa na kulindwa dhidi ya wezi.

Hasara zake nazo ni za wazi. Bawaba iliyo katikati ya fremu haikuundwa kwa gunia la mawe, na gurudumu dogo huzama katika mchanga na katika udongo mweusi wa mbugani. Uma wa mbele wa baadhi ya baiskeli hizi una uwazi wa milimita 74, wakati mota nyingi zinahitaji milimita 100. Kuutanua uma kwa nguvu ni hatari, hivyo fundi hulazimika kutafuta mota nyembamba au kubadili uma wenyewe. Ekseli huhitaji kipande cha chuma cha kuizuia isijizungushe na kuchomoka. Kwa baiskeli kubwa ya zamani yenye breki za vyuma, breki zinapaswa kubadilishwa kabla ya mota kuwashwa. Haya yote ni maamuzi ya karakana, ya jamii ileile na yale ya keria, uma na spoku.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba baiskeli ya Shinyanga na Geita haikuwahi kubaki kama ilivyotoka kiwandani, na kwamba mota ni nyongeza moja zaidi katika mlolongo huo. Hata hivyo, ipo tofauti isiyopaswa kupuuzwa. Keria, dainamo na vikanyagio vilinunuliwa mara moja na kurekebishwa kwa nyundo, moto na waya. Betri ndiyo sehemu ya gharama kubwa. Uwezo wake hupungua kadiri inavyochajiwa, na fundi wa kawaida hawezi kuitengeneza kwa zana hizo. Mwenye baiskeli akiinunua, atakuwa ameendeleza umiliki ulioanza na fedha za pamba. Akiikodi kwa hesabu ya kila siku, mkataba wa pikipiki utakuwa umehamia katika baiskeli yake mwenyewe: fremu ni yake, mwendo ni wa mwingine.

Kwa mwanahistoria, hitaji la haraka ni la kimbinu. Nyaraka za ushirika na za serikali hutaja baiskeli zilizonunuliwa, lakini si zilizogeuzwa. Ushahidi wa ugeuzaji umo katika vyuma vyenyewe na katika kumbukumbu za mafundi wazee, na vyote viwili vinatoweka: vyuma huuzwa kama chakavu, na wazee hufariki. Inapendekezwa watafiti waichukulie karakana ya baiskeli kuwa hifadhi ya nyaraka, na waisome kabla haijafungwa.