Kura Juu ya Jaji: Mahakama za Mzunguko za Alabama tangu Horton

Wanaoisimulia kesi ya Scottsboro humsifu Jaji James Edwin Horton kwa ujasiri wake. Anastahili, lakini sifa hiyo inatupotosha kidogo, kwa kuwa inatufanya tumtazame mtu na kukisahau kiti alichokalia. Katika jimbo la Alabama, jaji wa mahakama ya mzunguko huchaguliwa na wapiga kura, kwa tiketi ya chama, kwa muhula wa miaka sita. Kila uamuzi wake mzito una kampeni inayousubiri.

Katika kesi hiyo, Aprili 1933, mjini Decatur, mbele ya Horton, juri la wanaume weupe watupu lilimtia hatiani Haywood Patterson, mmoja wa vijana tisa weusi waliodaiwa kuwabaka wanawake wawili weupe ndani ya treni ya mizigo mwaka 1931, likataka auawe. Lilifanya hivyo ingawa mmoja wa wanawake hao, Ruby Bates, alikuwa amekwisha kuyakana madai hayo kizimbani. Mwezi Juni Horton aliitengua hukumu na kuamuru kesi isikilizwe upya. Aliuchambua ushahidi wa mlalamikaji wa pili, Victoria Price, hatua kwa hatua, akaulinganisha na wa daktari aliyewachunguza wanawake hao siku ileile, akaona haviwezi kuwa kweli vyote viwili.

Mwaka 1934 alishindwa katika kura za mchujo za chama cha Democratic, ambazo kwa Alabama ya wakati ule ndizo zilizokuwa uchaguzi wenyewe. Mwaka huohuo Thomas Knight, Mwanasheria Mkuu aliyeongoza mashtaka dhidi ya Patterson, alichaguliwa kuwa naibu gavana. Kesi nayo ilikuwa imekwisha kukabidhiwa jaji mwingine, William Callahan, na Patterson akatiwa hatiani tena kabla ya 1933 kwisha.

Watetezi wa utaratibu huu wa kuwachagua majaji husema kwamba jaji wa kuteuliwa naye ana bwana wake. Kweli, na sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa hilo. Lakini mteuliwa ambaye ajira yake inalindwa hadi kustaafu anaweza kumsahau aliyemteua. Wa kuchaguliwa hukumbushwa kila muhula.

Wala hayo si ya zama za Horton tu. Kwa miongo kadhaa majaji wa mzunguko wa Alabama walikuwa na mamlaka ya kulipuuza juri lililopendekeza kifungo cha maisha na kutoa adhabu ya kifo. Sheria iliruhusu na kinyume chake, kuokoa roho, ila mara nyingi mno ilitumika kuua. Mwaka 2013 Sonia Sotomayor, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, aliandika kwamba maelezo pekee ya hali hiyo aliyoyaona kuungwa mkono na ushahidi ni shinikizo la uchaguzi. Alabama iliyafuta mamlaka hayo mwaka 2017, bila kuirudisha sheria nyuma: waliokwisha kuhukumiwa hivyo walibaki wakiisubiri siku yao.